Nyani Alipomsifu Kakakuona

Nina ngano.

— Ifungue tuione.

Ina miiba ndani.

— Tutaichomoa mmoja mmoja.

Na mtoto akilia katikati?

— Tutambeba, tusikilize tukiwa tumembeba.

Basi sogeeni.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakicheza badala ya kulana, palikuwa na mchezo wa rungu na mpira. Mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa rungu, ko! Akishaupiga hukimbia. Hukimbia mpaka kisiki cha kwanza, hukimbia mpaka cha pili, hukimbia mpaka cha tatu, kisha hurudi kisiki cha nne, palepale alipoanzia. Akirudi salama, timu yake imepata moja. Na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka kila mpira unaopita, pwap, usiende zake porini.

Kilima cha Mawe kilikuwa na timu. Wachezaji tisa, vikuku vya ukindu tisa, kila mmoja na chake mkononi. Nahodha wao alikuwa Nyani. Nyani alikuwa na kifua kikubwa, sauti kubwa, na tumbo kubwa kuliko vyote viwili. Watazamaji walipoleta ukwaju na mabungo kwa ajili ya timu, Nyani alikula kwanza. Kacha, kacha, kacha. Akishiba alijipangusa mdomo, akasema, "Kilichobaki gawaneni." Kilichobaki kilikuwa kokwa.

Mdakaji wa timu alikuwa Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, anayetembea kwa miguu ya nyuma kama mama aliyebeba ndoo. Mpira ukimkosa mkononi ulimpiga magambani, tap, naye haumii. Kakakuona hana meno. Hali ukwaju wala mabungo, anakula mchwa tu. Lakini kila siku ya mchezo alikwenda kusimama mbele ya Nyani, akadai fungu lake la matunda, akasimama hapohapo mpaka apewe. Kisha akalificha chini ya mkia, akaenda kuwagawia wadogo ambao Nyani aliwaachia kokwa.

Mmoja wa wadogo hao alikuwa Pimbi, mnyama wa mawe, asiye na mkia wala pembe wala nguvu. Kazi yake katika timu ilikuwa kuiba visiki. Mtupaji akipepesa jicho tu, Pimbi ameshafika kisiki kinachofuata, amekaa, anajikuna kama aliyezaliwa pale. Pimbi hakuwahi kusahau lile tunda la kwanza alilopewa. Lilikuwa bungo, lina joto la mkia wa Kakakuona, na yeye alikuwa na njaa ya siku mbili.

Mwaka huo Kakakuona alizaa. Mtoto wake aliitwa Gamba, ingawa magamba yake yalikuwa bado laini kama ukucha wa mtoto mchanga. Wenzake wakaanza kumwita Mama Gamba. Alikuja naye uwanjani, amempakia juu ya mkia kama wafanyavyo kakakuona wote, na mchezo ukaendelea.

Siku ya mchezo wa mwisho walicheza na timu ya Mbuga Nyeupe, ya nahodha Mbuni. Wakawa sare mpaka karibu na mwisho. Mtupaji akatupa, mpigaji wa Mbuga Nyeupe akakosa, mpira ukaja kwa Kakakuona. Na wakati huohuo Gamba akateleza mkiani, puu, akaanguka chini.

Kakakuona akageuka.

Aligeuka mara moja tu, kumwokota mtoto. Mpira ukampita, ukaingia porini, Mbuga Nyeupe wakakimbia visiki vyote vinne wakashinda.

Siku ile Nyani alikula tu.

Masika yakaingia. Uwanja ukawa tope, marungu yakawekwa pangoni. Lakini masika ndiyo wakati manahodha wanapobadilishana wachezaji. Yupi akae, yupi aende, yupi aje. Hukutana juu ya Jiwe Bapa, na Jiwe Bapa lina sheria tatu.

Sheria ya kwanza: nahodha mwenyeji hamtoi mchezaji mpaka aseme mbele ya wote neno moja jema juu yake. Bila neno, hatoki.

Sheria ya pili: nahodha akikataa alichopewa, amekikataa mpaka masika mengine, na yule aliyekuwa anatolewa anabaki kwake.

Sheria ya tatu: mgeni aliyepanda jiwe harudi peke yake. Aliyemjia akishindikana, huchagua mwingine katika timu, na mwenyeji hawezi kumzuia.

Ile ya tatu wengi walikuwa wameshaisahau, maana ilikuwa miaka mingi hajashindikana mtu.

Habari ikaenea kilimani kwamba Nyani anamtoa Kakakuona. Anampeleka Mbuga Nyeupe, yeye aletewe Ngiri mwenye shingo nene, apigaye mpira ukavuka kilima. Kakakuona aliposikia hakulia. Alikwenda kwenye kichuguu akaanza kula mchwa, akala, akala, mpaka ulimi ukamchoka.

Pimbi akamuuliza kwa nini anakula hivyo.

"Mbugani ardhi ni chumvi tupu," Kakakuona akasema. "Hakuna mchwa. Nikila sana leo labda maziwa yatadumu siku nyingi kidogo."

Akamtazama Gamba, akamtazama Pimbi, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, ni siku ngapi kabla mtoto kama huyu hajaweza kula mwenyewe. Pimbi akasema hajui. Alikuwa anajua. Zilikuwa nyingi.

Pimbi akaenda kukaa juu ya jiwe lake. Akafikiri. Kumpiga Nyani hawezi, kumwomba hakufai kitu. Akafikiri mpaka manyoya yakalowa mvua. Kisha akashuka, choro choro choro, akaenda kwa Nyani.

Alimkuta anakula.

"Mkubwa, nasikia Mama Gamba anaondoka."

"Anaondoka. Ngiri anakuja."

"Ngiri peke yake?"

Nyani akaacha kutafuna. Pimbi akaeleza kwa upole kwamba Mbuni hana mdakaji kabisa, kwamba msimu mzima mipira yake imekuwa ikienda kuokotwa porini. Mtu mwenye shida namna ile huongeza, akisikia anachopewa ni kitu. Ni suala la neno jema tu. Neno likiwa fupi, Ngiri. Neno likiwa refu, nani ajuaye?

"Mimi sijui kusifu," Nyani akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Tangu nizaliwe sijamsifu mtu."

"Ndiyo maana nimekuja, mkubwa."

Basi Pimbi akamfundisha. Alimfundisha mchana kutwa, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu. Pimbi anasema, Nyani anarudia. Pimbi anasema, Nyani anakosea, anarudia tena. Na yote aliyomfundisha yalikuwa kweli. Alipomaliza akainuka, akatazama upande wa mbuga, akasema kama anayejisemea kwamba huko kwa Mbuni sasa ni wakati wa kutaga, na kwamba yai la mbuni, wasemavyo, ni kubwa kama kichwa cha mtu mzima, na moja linashibisha ukoo.

Tumbo la Nyani likanguruma. Guru, guru.

Pimbi akaenda zake. Sasa ikabaki ile sheria ya tatu, nayo ndiyo iliyomkalia kifuani. Mama Gamba akinusurika, Mbuni atachagua mwingine. Nani? Pimbi akawapitia wenzake mmoja mmoja. Kanga amelalia mayai. Digidigi ameoa juzi, na digidigi akishaoa hatengani na mkewe hata kwa kwenda kunywa maji. Nungunungu mguu wake haujapona. Kila aliyemfikia alimkuta ameshikwa na kitu. Alipojifikia mwenyewe, akakuta mawe tu, na jua la asubuhi linalopiga mawe, na ndugu zake pimbi wanaokaa wamesongamana juu yake kupata joto.

Akasema moyoni, hicho ni kitu kidogo. Akasema tena, maana mara ya kwanza hakujiamini.

Siku ikafika. Mbuni akaja kwa hatua zake ndefu, tim, tim, tim, na nyuma yake Ngiri na Kongoni na Punda Milia. Alikuwa na wa nne pia, lakini huyo hajafika, yuko njiani. Akapanda Jiwe Bapa. Timu nzima ya kilimani ikasimama kuzunguka. Kakakuona akasimama katikati, mtoto mkiani, amemshika kwa ukucha mmoja.

"Nimemjia mdakaji," Mbuni akasema. "Natoa Ngiri. Nipe neno."

Nyani akakohoa. Akamtazama Pimbi. Akaanza.

"Huyu, tangu aingie timu yangu, umempita mpira mmoja tu. Mvua ikinyesha anadaka. Jua likiwaka anadaka. Akiumwa anadaka, na hasemi kama anaumwa."

Mbuni akainamisha shingo kumtazama Kakakuona vizuri.

"Naongeza Kongoni," akasema.

"Haitoshi," Nyani akasema, na meno yakamng'aa. "Huyu, timu ikishindwa, wengine wananuna, wengine wanalaumiana. Yeye anaokota marungu yote, anayafuta tope, anayapanga. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru."

Nungunungu akatazama chini. Digidigi akatazama chini.

"Naongeza Punda Milia," Mbuni akasema.

"Haitoshi. Huyu," na hapa Nyani akasahau kidogo, akamtazama Pimbi tena, akakumbuka, "huyu mtoto wake alipoanguka, aligeuka. Sote tulimwona. Mimi nasema hivi: anayegeuka mtoto akianguka hawezi kukuacha uwanjani peke yako."

Alilisema vizuri. Hata hakukosea. Na Kakakuona, ambaye hajawahi kusikia neno jema kutoka kinywa kile, akajikunja, akafunika uso kwa mikono yake yenye kucha, na magamba yake yakawa yanagongana taratibu, kri, kri, kri, maana alikuwa analia ndani yake.

"Ngiri, Kongoni na Punda Milia," Mbuni akasema. "Watatu kwa mmoja. Sijawahi kutoa hivyo. Mwisho wangu huo."

Nyani akafungua kinywa kukubali.

Pimbi alimwona anafungua kinywa. Na Pimbi hakuwa na hila nyingine. Akatazama tumbo la Nyani kama mtu anavyotazama wingu wakati wa ukame. Na tumbo likasema, guru, guru, guru.

"Na mayai," Nyani akasema.

"Mayai gani?"

"Yako. Yaliyo kiotani. Yote."

Mbuni akanyoosha shingo mpaka ikaisha. Hakupandisha sauti.

"Nimetoa watatu. Umekataa?"

"Bila mayai, nimekataa."

"Amekataa," Mbuni akaliambia jiwe. "Wote mmesikia."

Nyani akacheka, akapunga mkono, akasema alikuwa anatania tu, awatoe hao watatu yaishe. Kanga akamkumbusha sheria ya pili. Nyani akasema kwa leo iachwe. Nungunungu akasimamisha miiba na kumkumbusha tena. Nyani akawatazama wote, na wote walikuwa wamemkazia macho, kwa sababu walikuwa wamemsikia yeye mwenyewe akieleza Kakakuona ni nani, na sasa hawakuwa tayari kusahau. Basi akaketi. Kakakuona akabaki.

Lakini Mbuni hakushuka jiweni.

"Mimi ni mgeni, na mgeni harudi peke yake," akasema. "Nitachagua." Na shingo yake ikaanza kuzunguka polepole juu ya vichwa vyao. Ikapita kwa Nungunungu. Ikaja kwa Kanga, ikasimama hapo.

"Mama Mbuni," Pimbi akasema. Alikuwa ameshapanda jiweni, hakuna aliyemwona akipanda. "Mimi naiba visiki."

Mbuni akamtazama. Akamkumbuka. Ndiye aliyemwibia visiki vitatu katika mchezo mmoja.

"Namchukua huyu," akasema. "Natoa Kobe. Yuko njiani. Nahodha, nipe neno."

Nyani alikuwa amekasirika. Alimtazama Pimbi juu mpaka chini, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Akafikiri. Akajikuna. Watu wakangoja, na mvua ikaanza manyunyu, na Pimbi akasimama na kikuku chake mkononi, akingoja kusikia yeye alikuwa nani.

"Huyu," Nyani akasema mwishowe, "anakula kidogo."

"Neno nimelisikia," Mbuni akasema kwa upole sana. Akakikata kikuku kwa mdomo.

Kakakuona alimsindikiza Pimbi mpaka chini ya kilima. Alikuwa akitembea polepole, na macho yake yalikuwa mekundu lakini yanang'aa.

"Umemsikia Nyani, ndugu yangu?" akauliza. "Umesikia alivyonisema? Na mimi miaka yote nilidhani hanioni."

Pimbi angeweza kusema. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa lake.

"Nimemsikia," akasema. "Amesema vizuri."

Kakakuona akamwambia angependa kumfanyia kitu, ila hana kitu. Akamshusha Gamba, akamweka mbele ya Pimbi, amuage mwenyewe. Mtoto akamshika pua. Basi ndivyo walivyoagana.

Njia ya mbugani ni siku tatu. Mvua ilikuwa ikija kutoka upande wa kulia, na Mbuni akatembea upande wa kulia, bawa moja amelifungua nusu. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Walipofika mbali Pimbi akamwomba radhi kwa habari ya mayai. Akakiri kwamba yeye ndiye aliyeyataja. Mbuni akatembea hatua nyingi. Kisha akauliza kama yule mtoto wa mkiani ananyonya bado. Pimbi akasema ananyonya. Mbuni akasema, "Haya," na bawa likabaki wazi.

Siku ya pili mchana wakakutana na Kobe, kwata, kwata, kwata, anakwenda kilimani kuwa Pimbi. Wakasimama, yule anayekwenda na yule anayekuja. Kobe akauliza huko juu kukoje. Pimbi akamweleza jiwe lipi linapata jua la kwanza, na upande upi ukae upepo usikupate. Akamwambia ndugu zake wakija kumsongamania asiogope, ndivyo walivyo, wamezoea hivyo. Kobe akashukuru, akasema naye amweleze ya kwao.

"Kule hakuna jiwe hata moja," Kobe akasema. "Lakini hakuna anayekula kabla yako."

Pimbi aliisikia ile ya kwanza tu.

Na kweli, Mbuga Nyeupe ilikuwa nyeupe na bapa kama sinia. Walimvika kikuku kipya. Walimpa chakula, wakamngoja aanze yeye. Asubuhi yake ya kwanza Mbuni alimwona anazunguka, anazunguka, anatafuta mahali pa kukaa, kila mahali ni pale pale. Mbuni akakunja miguu, akalala chini. Pimbi akapanda mgongoni mwake. Mbuni akainuka naye taratibu, mpaka jua likamfikia.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila asubuhi. Kutoka kule juu aliona mbali sana. Kilima hakukiona.

Kobe alifika Kilima cha Mawe baada ya siku ishirini na tatu. Msimu ulipoanza walimpa rungu, akapiga mpira asubuhi, ko!, akafika kisiki cha pili watu wakiwa wanakula chakula cha mchana. Nyani alilia kwa sauti. Yangeyange, ndege mweupe ambaye hupita kote, ndiye aliyeleta habari hizo mbugani. Akasema pia kwamba Gamba anakula mchwa sasa, na magamba yake yamekauka, ukiyagonga yanalia. Akasema Kakakuona amebadilika, anatembea ameinua kichwa, na kila akiulizwa husema nahodha wake ni mkali lakini ana moyo mwema, ila watu hawamjui.

Pimbi aliuliza habari ile ya Gamba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba irudiwe tena.

Ngano yangu imechoka, naivua viatu.

— Ipe maji ya kunawa miguu.

Miiba mmeitoa?

— Umebaki mmoja.

Basi mwiba huo ndio funzo, na funzo ni hili: hila hazina faida, wanangu. Nyani mlafi yuko kwao, juu ya kilima chake, anakula ukwaju wake, anasifiwa kwa moyo mwema. Pimbi mwenye hila hana hata kokoto la kukalia. Kwa hiyo kueni mkiwa walafi, mle kwanza, msimjali mtu, nanyi mtazeeka nyumbani kwenu.

Na wewe unayelia, njoo nikubebe.